Kuku wa mama mkwe wanadonolewa, na banda ni langu

*Shikamoo, mshauri.*

Naomba uniwie radhi kama jambo langu litaonekana dogo. Mume wangu anasema nalikuza. Lakini nyumbani kwangu watu wameacha kunywa chai pamoja, na chanzo ni kuku.

Mimi ni mama wa watoto watatu, tunaishi Kihonda, Morogoro. Uani nina kuku 11, matetea 10 na jogoo mmoja. Sita ni chotara niliowanunua wakiwa na mwezi mmoja, waliobaki ni kienyeji waliototolewa hapa hapa. Huu ni mwaka wa tatu nawafuga. Kwa siku nilikuwa naokota mayai sita hadi saba. Mengine tunakula, mengine wananunua majirani, na pesa hiyo ndiyo inayonunua hisa zangu kwenye kikoba kila Jumamosi. Mradi si mkubwa, ila ni wangu, na nimeutoa mbali.

Mwezi wa saba baba mkwe alifariki kijijini, Singida. Baada ya arobaini mume wangu na ndugu zake walikaa wakakubaliana kwamba mama asibaki peke yake kule, aje kwetu. Alikuja kwa basi na begi moja, mkeka, na tenga lenye matetea wanne. Hao ndio waliobaki katika kuku wa marehemu, wengine waliisha kwenye msiba. Mmoja ni kishingo, wawili wana madoa ya kanga, na mmoja mweupe mdogo.

Walifika jioni. Kwa furaha yangu niliwatoa kwenye tenga nikawaingiza bandani moja kwa moja. Nilijua watalala, asubuhi watazoeana. Alfajiri nikasikia kelele. Nilipofungua, kishingo alikuwa kona ya nyuma, kichwa amekisokomeza chini ya kiota, kisogo kimechubuka mpaka nyama inaonekana. Nyuma yake alisimama tetea wangu mmoja ambaye watoto wanamwita Shangazi. Alikuwa anamdonoa taratibu, bila haraka, kama anayeokota punje za mtama.

Tangu siku hiyo, leo siku ya 12, kuku wa mama wanalala stoo ndani ya tenga. Mchana nawafungulia upande wa jikoni, lakini wote wanakutana kwenye maji ya karo la kuoshea vyombo, na hapo vita inaanza upya. Yule mweupe nimemsikia akipiga chafya mara mojamoja. Wangu niliwachanja mdondo Februari na sijarudia. Wa mama sijui kama waliwahi kuchanjwa, na naogopa kumwuliza, ataona nasema kuku wake wana ugonjwa.

Kila mtu ana lake. Mume wangu anasema Shangazi achinjwe Jumapili, kesi iishe. Jirani anasema niwaache wapigane, kuku si watu, watazoeana. Dada yangu ananiambia niuze wale wanne kabla hawajanimalizia banda. Mimi nilifikiria kuchukua akiba yangu ya kikoba nijenge banda la pili. Nililo nalo ni la mita 2 kwa mita 1.5, lina fito moja ya kulalia inayotoka ukuta hadi ukuta kwa urefu wa banda, chombo kimoja cha chakula na kimoja cha maji. Wakati nawaza hayo, mayai yameshuka mpaka manne kwa siku.

Kilichonifanya niandike ni cha juzi jioni. Nilikuwa napepeta mchele, mama amekaa kwenye mlango wa stoo na kuku wake. Akasema taratibu, bila kunitazama: "Kumbe hata kuku wa nyumba hii wanamjua mgeni." Sikujibu. Nilibaki na ungo mkononi. Tangu hapo chai ya jioni anainywea kule kule mlangoni, na mume wangu ameanza kuniuliza nimemfanya nini mama yake.

Nifanye nini, mshauri? Nimchinje Shangazi, niuze wa mama, nijenge, au niwaache wapigane? Na mama nimwambie nini?

*Mkamwana, Morogoro*

*

*Marahaba, mwanangu.*

Kwanza poleni na msiba. Umeutaja kwa sentensi mbili ukaupita, lakini naona ndio uliobeba barua nzima. Mwanamke amempoteza mumewe, ameacha nyumba yake, na kilichobaki cha maisha yale kimeingia kwenye tenga moja. Wewe ukampokea kwa furaha, ukawafungulia kuku wake mlango wa banda lako ulilolitoa mbali. Asubuhi yake damu. Sikulaumu kwa hilo. Ulifanya kama mtu anayemfungulia mgeni mlango bila kumwuliza maswali, na kwa binadamu hiyo ni heshima. Kuku ndio hawaijui.

Jambo lako si dogo. Ila ndani yake naona mambo mawili yamefungwa kamba moja, la kuku na la mama. Tuanze na la kuku, kwa sababu ndilo lililo mepesi.

Unamwandika Shangazi kama vile ana roho mbaya. Naomba umwangalie upya. Kuku wanaoishi pamoja wana mpangilio wao: nani anamdonoa nani, nani anampisha nani kwenye chakula, nani analala wapi kwenye fito. Mnorwe mmoja, Thorleif Schjelderup-Ebbe, aliyekuwa akiwachunguza kuku na kuandika habari zao tangu utotoni, alichapisha uchunguzi wake mapema miaka ya 1920, na wasomi wakapata jina la kuuita mpangilio huo. Bibi zetu walikuwa wanauona kila asubuhi wakimwaga pumba. Wakishapangana, vita hupungua sana, kwa kuwa kila mmoja anajua nafasi yake na hakuna haja ya kuidai tena. Akiingia mgeni, hesabu yote inaanza upya. Shangazi yuko juu, kwa hiyo ndiye mwenye cha kupoteza.

Sasa fikiria usiku ule. Kuwaingiza kuku wageni giza likishaingia ni mbinu wanayoitumia wafugaji wengi, na haina ubaya ikiwa wamekwisha kuonana siku nyingi kabla. Wako hawakuwahi kuonana. Walipopambazukiwa walijikuta na sura ngeni ndani ya boksi la mita 3 za mraba, mlango umefungwa. Uani kuku aliyeshindwa hukimbia, na mshindi akiona mgongo wake unaenda mbali hutosheka. Kishingo hakuwa na pa kukimbilia. Akafanya alichoweza, akaficha kichwa. Na kisogo kilichokwisha kutoa damu huwaita kuku wote, kwa kuwa rangi nyekundu inawavuta kudonoa. Yule uliyemwona "anaokota punje" huenda kwa wakati ule alikuwa ameshatoka kwenye ugomvi, anafuata wekundu tu.

Ndiyo maana sikubaliani moja kwa moja na jirani yako, wala simpingi moja kwa moja. Ana nusu ya ukweli. Hakuna kundi litakaloungana bila kudonoana. Utaona manyoya ya shingo yamesimama, wanatazamana, wanarukiana mara mbili tatu, mmoja anainamisha kichwa na kuondoka. Hapo usiingilie, maana ukiwatenganisha kabla hawajamaliza, kesho wataanza mwanzo. Lakini mmoja akiminywa kwenye kona, akizuiwa kula na kunywa, au akitoka damu, huko si kuzoeana tena. Huko wanaua.

Kuna kitu umekiandika bila kukitilia maanani, nami nimekaa nacho. Fito moja ya mita 2. Kuku mmoja anahitaji kama sentimita 20 za kulalia. Kwa kuku 11 hiyo ni mita 2 na sentimita 20. Kwa hiyo hata kabla ya basi la Singida kufika, kuna kuku wako alikuwa analala chini au akigombea nafasi kila jioni. Uliwahi kuona ni yupi? Ukiongeza wanne unahitaji mita 3 kamili, na fito ya pili ni kipande cha mti tu. Iweke kwa kimo kile kile cha ile ya kwanza, la sivyo wote watagombea ya juu. Chombo kimoja cha chakula na kimoja cha maji navyo ni shida, kwani mbabe mmoja anaweza kusimama hapo akawafungia wenzake siku nzima. Weka vitatu vya chakula na viwili vya maji, mbalimbali, ili anayelinda kimoja asiweze kulinda vyote. Ndoo kuukuu zilizokatwa zinatosha.

Kuhusu kumchinja Shangazi. Unaweza, ni kuku wako. Lakini pima haya. Ukiondoa wa juu kabisa, nafasi inabaki wazi, wa pili na wa tatu wataigombea, na wageni wataingia katikati ya vurugu hiyo. Hujui kama anayefuata ni mpole kuliko yeye. Na mama atalionaje? Kwetu kumchinjia mgeni kuku ni heshima kubwa. Kuchinja tetea anayetaga kwa sababu ya kesi ya kuku wa mgeni ni kitu kingine, na mama mwenye uchungu anaweza kuila nyama ile huku akijihesabia hasara aliyowaletea. Kama Shangazi atazidi, kuna njia ya katikati: mtoe yeye, si anayepigwa, mweke kwenye tenga pembeni siku tatu au nne, wengine wapangane bila yeye. Akirudi mara nyingi hukuta mambo yamebadilika na ukali umepungua. Mara nyingine haupungui, na hapo utarudi kwenye swali lako ukiwa umejaribu.

Sasa chafya. Hapa naomba unisikilize kwa makini kuliko kote.

Mimi mwenyewe, miaka mingi nyuma, nilinunua matetea wawili wazuri mnadani, nikawaachia kati ya wangu siku hiyo hiyo. Ulikuwa msimu wa kiangazi. Ndani ya wiki mbili nilizika kuku 19. Walianza kusinzia mbawa zimelegea, kinyesi kijani, kisha shingo zikapinda kama mtu anayetazama nyuma. Mdondo hauna tiba. Sikuandikii haya kukutisha. Nakuandikia kwa sababu wako ulichanja Februari, na chanjo ile ya tone jichoni inayostahimili joto, ya I-2, inatakiwa irudiwe kila baada ya miezi mitatu hadi minne. Kwa hiyo si kweli kwamba hatari iko kwenye tenga la mama peke yake. Kuku wako nao kinga yao imechoka. Na kuku wa mjini wanaweza kuwa na vimelea walivyovizoea wao, ambavyo wale wa kijijini hawajawahi kukutana navyo. Hatari inakwenda pande zote mbili. Hili, mwanangu, ndilo linalokufungulia mlango wa kuzungumza na mama bila kumnyooshea kidole: "Mama, wangu chanjo yao imepitwa, nataka niwachanje wote siku moja, wako na wangu. Wa kwako mara ya mwisho walichanjwa lini?"

Kabla ya hapo mwite afisa mifugo wa kata amwone yule mweupe, kwa kuwa kuku mgonjwa hachanjwi mpaka ajulikane ana nini. Huenda ni vumbi la safari na stoo. Huenda ni mafua ya kuku, na hayo yana tabia mbaya: kuku aliyepona anaweza kubaki nayo akaambukiza wenzake. Mwangalie pua kama ina kamasi, uso kama umevimba chini ya jicho, na mdomo kama unanuka. Usikimbilie kununua antibayotiki dukani ukazimwaga kwenye maji ya wote. Dawa hizo huingia kwenye mayai, na mayai yako yanaliwa na watoto wa majirani.

Wakati unamsubiri, watenganishe kweli. Maji ya karo yafunike au uyaelekeze kwingine leo hii. Wahudumie kwanza walio wazima, mwishoni yule mweupe, na baada ya hapo nawa mikono na ubadilishe kandambili. Siku 12 zimepita na hakuna aliyekufa, hiyo ni nafuu, lakini usiihesabu kuwa uthibitisho. Kwa kawaida mgeni hukaa peke yake wiki tatu hadi nne. Mpekue kila mmoja chini ya mbawa na kuzunguka sehemu ya kutolea kinyesi kama kuna utitiri, na uangalie kando ya macho na kwenye upanga kama kuna vidoa vyeusi vilivyoganda visivyofutika. Hivyo ni viroboto.

Wakishakuwa wazima na wamechanjwa, na wiki mbili zimepita ili chanjo ifanye kazi, ndipo kazi ya kuwaunganisha inaanza. Na hapa ndipo akiba yako ya kikoba inaweza kupona. Huhitaji banda la pili, angalau si sasa. Unahitaji mita chache za waya wa kuku na miti minne. Gawa ua katikati. Wale wanne upande mmoja, 11 upande wa pili, waonane mchana kutwa, wadonoane kupitia waya bila kufikiana. Weka vyombo vya chakula karibu na waya pande zote mbili, ili wajifunze kula wakitazamana. Fanya hivyo wiki moja hadi mbili. Utajua wamezoeana siku utakayoona hawahangaiki tena na waya, kila mmoja anachakura lake.

Kisha wafungulie jioni, saa moja kabla ya kulala, uani, si bandani, na wote wanne kwa pamoja. Tetea mmoja mgeni hubeba mapigo yote, wanne wanagawana. Siku hiyo badilisha mambo kidogo ndani ya banda: hamisha kiota, weka tawi lenye majani, simamisha gogo la mgomba au pipa la kujificha nyuma yake. Banda likiwa geni kidogo kwa wote, hata Shangazi atakuwa anatafuta njia. Ning'iniza fungu la mchicha wapate cha kudonoa. Mayai huenda yakabaki machache kwa wiki kadhaa, kwa hiyo waambie wenzako wa kikoba mapema.

Inawezekana pia ikashindikana. Kuna makundi hayaungani. Wanaishia kushirikiana ua mchana na kulala mbali usiku, wale wanne kwenye kibanda kidogo cha peke yao. Ikifika huko, akiba yako itakuwa imetumika kwa kitu unachokijua, si kwa hofu. Usijione umeshindwa. Wengi tunafuga hivyo.

Sasa mama.

Nimesoma barua yako mara tatu nikitafuta mahali pamoja tu: mahali ambapo mama ameulizwa. Watoto walikaa wakaamua asibaki kijijini. Wewe ukaamua kuku walale bandani, kisha stoo. Mume wako ameamua kisu, dada yako ameamua soko. Mnaamua kwa kumpenda, sina shaka. Lakini huyu ni mwanamke aliyefuga kuku Singida, mkoa ambao kuku wake wa kienyeji wanajulikana hadi Dar es Salaam. Bila shaka ameshawahi kupokea kuku wa mahari, wa zawadi, wa kubadilishana na mahindi, akawaunganisha na wake. Je, inawezekana kwamba mtu anayejua kazi hii kuliko wote ndiye aliyekaa mlangoni kwa stoo anatazama mnavyohangaika?

Na ile sentensi yake. Wewe umeisikia kama shutuma, na huenda ndivyo ilivyokuwa. Huenda pia ni uchungu uliokuwa unatafuta pa kutokea, ukapita kwa kuku kwa sababu kusema "nimekuwa mgeni uzeeni" ni kuzito. Huenda tena alikuwa anasema ukweli wa kawaida wa mfugaji, kwamba kuku wanamjua mgeni, na ungo wako ulipotulia akadhani amekosea akajiondoa. Mimi sijui ni ipi. Wewe uliyeiona sura yake unaweza kukisia, lakini mwenye jibu ni yeye.

Unaniuliza umwambie nini. Sitakupa hotuba. Labda anza na la kwako: "Mama, usiku ule nilikosea kuwaingiza bandani bila kukuuliza." Kisha nyamaza. Hujaniandikia popote kwamba ulimwomba radhi kwa kile kisogo cha kishingo. Ikiwa ulishamwomba, nisamehe. Chai ya jioni usimwite aje, ibebe wewe uende nayo mlangoni kwa stoo, ukae kwenye kigoda.

Kuna hatari, na nataka uijue kabla. Ukimfungulia, anaweza kulia. Anaweza kukwambia anataka kurudi Singida, na hilo hutaweza kulijibu peke yako. Litamhitaji mwanawe. Ndiyo maana mume wako asibaki kuwa hakimu anayekuuliza umemfanya nini mama yake. Mwombe siku moja akae na mama wao wawili, bila wewe, bila kuku, amwulize analalaje, anakumbuka nini. Kuna maneno mama atamwambia mtoto aliyemzaa ambayo hatamwambia mkwe hata akimpenda vipi. Na anaweza asiseme chochote jioni ya kwanza, wala ya pili. Endelea kwenda na chai.

Kuhusu kuwauza wale wanne, sikuzuii kulifikiria, lakini si wako, wala si wa dada yako. Ni wa mwisho katika kuku wa marehemu. Kama mama mwenyewe atasema wamemchosha, sawa. Kama hatasema, mwulize jambo jingine: je, angependa mmoja wao aatamie? Kifaranga anayetotolewa uani kwako hatahitaji waya wala wiki za kuzoeana, ingawa mama yake atahitaji kona yake ya peke yake wakati wa kulea.

Lililo la haraka ni kishingo. Kisogo chake kioshe leo kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo, na maduka ya mifugo wana ile dawa ya kupuliza ya bluu inayofunika wekundu. Usimtenge mbali na wenzake wa Singida. Kuku akikaa wiki mbili tatu bila kuonana na wenzake, akirudi wanampokea kama mgeni, naye ameshakuwa mgeni mara moja mwaka huu. Kazi hiyo inahitaji watu wawili, mmoja wa kushika na mmoja wa kuosha. Mwombe mama ndiye ashike. Kuku anaujua mkono uliomlisha, hatapapatika.